Toboa vikono vya gitaa la stili vikiwa vimefungwa pamoja
Ukitengeneza vikono vya kuvutia nyuzi kwenye gitaa la stili la pedali (gitaa la kulazwa, ambalo pedali za mguu huvuta nyuzi ili kubadili sauti), usitoboe kimoja kimoja. Kata vipande vinne vya chuma bapa cha milimita 3 (mabaki ya Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, yanatosha, ila yanyooshe kwanza), vibane kwenye jiliwa, piga alama kwa panchi, toboa kwa keekee ya milimita 2.5 kisha ya milimita 5. Tia bolti ya M5 (unene wa milimita 5), kaza nati, ndipo utoboe tundu la pili; nalo litie bolti. Matundu mengine na kupiga tupa kingo ni baada ya hapo. Bolti ya kwanza huzuia vipande kuteleza, kwa hiyo umbali kati ya matundu unalingana. Umbali huo ndio unaoamua pedali itavuta uzi kiasi gani. Tofauti ya milimita moja tu utaisikia.

Mbinu hii hushindwa rundo likizidi milimita 12 hivi: keekee nyembamba hupinda, na kikono cha chini hutoka na tundu lililokwenda upande. Drili ya mkononi ni mbaya zaidi. Alumini nayo huganda kwenye keekee. Tone la mafuta ya taa husaidia.