Jinsi ya kuichunguza picha ya Lewis Hine ya mtoto kiwandani

Picha za Lewis Hine za watoto wa viwanda vya pamba huzunguka mtandaoni bila maelezo yake, na hapo nusu ya ushahidi imeshapotea. Hine aliacha ualimu New York mwaka 1908 ili aifanyie kazi Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto ya Marekani, iliyopigania kukomesha ajira hiyo. Alipiga picha, lakini pia alihoji, akapima, akaandika. Kwa hiyo anza na maandishi, sura ya mtoto baadaye.

Itafute nakala ya asili kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyokabidhiwa mkusanyiko huo mwaka 1954: picha zaidi ya 5,100 na negativu 355 za kioo. Za viwanda vya nguo utazikuta hasa chini ya LOT 7479 (namba ya fungu la picha maktabani), na namba zake za kidijitali zina herufi nclc. Huna namba? Tafuta kwa jina la mji au la kiwanda. Ukiambiwa picha ya mtoto kiwandani ni ya Manchester, Uingereza, ya miaka ya 1820, usihangaike nayo. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839.

Pakua faili la TIFF, lililo kubwa kuliko yote. Nakala zilizotiwa rangi au "kusafishwa" na programu hazifai kwa uchunguzi, kwa sababu programu hubuni upya vidole, nyuzi na hata macho. Zilizokatwa pembeni nazo zinakunyima mashine, na mashine ndiyo kipimo cha umbo la mtoto.

Sasa chora safu tatu: kinachoonekana, alichokadiria Hine, na alichoambiwa. Chukua picha ya msichana msokotaji wa kiwanda cha Whitnel, North Carolina, Desemba 1908. Kinachoonekana ni mtoto aliyesimama kando ya mashine ya kusokota. Urefu wa inchi 51 (kama sentimita 130) ni makadirio ya Hine: alijua kila kifungo cha koti lake kiko kimo gani kutoka sakafuni, akamlinganisha mtoto navyo pasipo msimamizi kushtuka. Ni makadirio mazuri, ila si kipimo cha futi kamba. Maneno ya mtoto kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi lakini anafanya hivyo hivyo, hayo yaende safu ya tatu. Maelezo yanasema pia alihudumia "pande" nne kwa senti 48 kwa siku. Upande ni safu moja ya visokoteo, na kila mashine ina pande mbili. Ukigawanya unapata senti 12 kwa upande, hesabu unayoweza kuilinganisha na maelezo ya picha nyingine.

Umri ndio unaowakwaza wengi. Kwenye picha ya msokotaji wa North Pownal, Vermont, ya Agosti 1910, wasichana wenzake walisema ana miaka kumi, mwenyewe akakiri kumi na miwili. Andika yote mawili. Usichague linalokuuma zaidi. Kisha nenda kwenye sensa ya Marekani. Ya 1910 ilihesabu watu kwa tarehe 15 Aprili, ikaandika kazi na aina ya kiwanda, na ikauliza kama mtu alihudhuria shule tangu 1 Septemba 1909. Ya 1900 ni tamu zaidi, kwani inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mtoto aliyedaiwa kuwa na miaka kumi na miwili mwishoni mwa 1908 lazima awemo, akiwa na miaka mitatu au minne. Cheti cha kuzaliwa usikitegemee huko kusini: usajili wa jimbo zima ulianza 1913 North Carolina na 1915 South Carolina.

Usipompata, shuku tahajia kwanza. Majina yaliandikwa kwa kusikia, na kwenye maelezo hayo hayo Pownal imeandikwa "Pormal". Tafuta kwa jina la kwanza, umri na kijiji cha kiwanda, halafu wilaya za jirani, maana familia za wasokotaji zilihamahama.

Ukirudi kwenye picha yenyewe, kumbuka kamera ilikuwa ya vioo vya inchi 5 kwa 7, na ndani ya kiwanda mwanga ulitoka kwenye unga wa magnesiamu. Mtoto aliyetulia akitazama kamera yaelekea aliombwa asimame hivyo, jambo lisiloifanya picha kuwa ya uongo. Picha za makundi nje ya lango zina udhaifu mwingine: hazionyeshi nani alifanya kazi gani, na wenye viwanda walizoea kudai watoto wamewaletea tu wazazi chakula. Picha ya Bibb namba 1, Macon, Georgia, Januari 1909, inaziba mwanya huo: wavulana wamepanda juu ya mashine kwa sababu hawafikii nyuzi zilizokatika wala mahali pa kuweka bobini (vibiringo vya kukunjia uzi) tupu.

Maktaba haijui kizuizi chochote cha kuchapisha picha hizi. Ukichapisha, weka jina la mpigaji, kiwanda, mji, mwezi, mwaka na namba ya nclc, pamoja na maelezo ya Hine bila kuyafupisha. Masahihisho yako yaweke kwenye mabano ya mraba, ili msomaji aone maneno yake yanaishia wapi na yako yanaanzia wapi.