Mhadhara Unaoingia Kwenye Bando: Zana za Kufundishia Wanafunzi wa Masafa

Kabla ya kuchagua programu yoyote, piga hesabu ya megabaiti. Mwanafunzi wako ameandikishwa katika chuo cha Nairobi lakini yuko Lodwar, Garissa au Kitui, anasomea kwenye simu ya Android, na kila dakika ya mhadhara inakula bando alilonunua kwa M-Pesa. Mhadhiri aliyekaa ofisini kwenye wifi ya chuo haoni gharama hiyo, na hapo ndipo kozi nyingi za mtandaoni huharibikia.

Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua kilobiti za kila sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde zote, gawa kwa 8, kisha gawa kwa 1000. Video ya dakika 15 iliyorekodiwa kwa kilobiti 2500 inafika megabaiti 281. Ukiishusha hadi kilobiti 200 za picha na 64 za sauti, inakuwa chini ya megabaiti 30. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni megabaiti 7.2. Darasa la moja kwa moja linalotumia megabiti 1 kwa sekunde humaliza megabaiti 450 kwa saa. Kwa hiyo mhadhara uwe rekodi fupi za kupakua, na darasa la moja kwa moja libaki la maswali: dakika 30 au 40, basi.

Kurekodi skrini, OBS Studio inatosha na ni ya bure. Chagua umbizo la MKV, si MP4 ya kawaida. Stima ikipotea katikati ya rekodi, faili ya MP4 huwa haifunguki kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Ya MKV hubaki salama hadi pale ulipofika. Ukimaliza, ingia menyu ya faili, chagua “Remux Recordings”, nayo itaibadilisha kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Kisha ipitishe HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video: kimo cha picha 480, fremu 15 kwa sekunde, mbano wa H.264, sauti ya mono. Slaidi hazichezi, kwa hiyo fremu 15 zinatosha kabisa. Ila maandishi yasipungue ukubwa wa 28, la sivyo kwenye simu yatakuwa chungu ya sisimizi.

Sauti ndiyo ya kuhangaikia kuliko picha. Mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu, lakini hatavumilia mhadhara unaoshindana na honi za matatu. Maikrofoni ya waya inayobanwa kwenye kola, dirisha lililofungwa na pazia zito husaidia kuliko kamera mpya. Acha sekunde tatu za kimya mwanzoni. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, utazichagua kama sampuli ya kelele, kisha uiambie iondoe kelele hiyo kwenye rekodi nzima. Usizidishe, maana sauti itatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Mahali pa kuweka vitu hivi ni Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ambao vyuo vingi vya Kenya tayari vinao. Mambo matatu hukwamisha watu. La kwanza, kikomo cha ukubwa wa faili: ukipakia video ikakataliwa, tatizo mara nyingi ni mpangilio wa PHP (lugha ya kompyuta inayoendesha Moodle) kwenye seva, kazi ya idara ya TEHAMA, si yako. La pili, programu ya Moodle ya simu haitafanya kazi kama msimamizi hajawasha huduma za simu. Mwombe awashe, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha mwanafunzi kupakua wiki nzima akiwa mahali penye wifi na kusoma nyumbani bila mtandao.

La tatu ni saa, na hili linatuhusu sisi hasa. Hakikisha kanda ya saa ni Africa/Nairobi. Kisha kumbuka kwamba ukiwaambia wanafunzi “saa kumi na mbili jioni” ukaandika 12:00, mlango wa kuwasilisha kazi utafungwa saa sita mchana. Na ukiweka tarehe 14 saa 00:00, umefunga usiku wa kuamkia tarehe 14, siku nzima kabla ya walivyodhani. Andika 23:59, au bora zaidi 17:00, saa ambayo mtu wa kusaidia bado yuko ofisini.

Kwa darasa la moja kwa moja, BigBlueButton, programu ya mikutano ya video, imekuja ndani ya Moodle tangu toleo la 4.0, na mwanafunzi huifungua kwenye kivinjari bila kupakua programu. Bado inahitaji seva. Uliza kama chuo chako kinaipata kupitia KENET, mtandao wa elimu unaounganisha vyuo vya Kenya. Pakia slaidi kama PDF badala ya kushiriki skrini: slaidi hutumwa kama picha moja kila unapofungua ukurasa, ilhali skrini hutumwa kama video mfululizo. Kamera zote zizimwe baada ya salamu. Zoom ya bure hukata kikao cha kundi kwenye dakika 40, jambo ambalo si baya sana kwa anayependa kuongea.

CAT, yaani majaribio ya kati ya muhula: weka maswali machache kwa kila ukurasa, kwani majibu huhifadhiwa mwanafunzi anapoenda ukurasa unaofuata. Chagua mtihani ujiwasilishe wenyewe muda ukiisha. Aliyekatikiwa mtandao mwongezee muda yeye peke yake, Moodle inaruhusu. Usitegemee Safe Exam Browser, kivinjari kinachomzuia mtahiniwa kufungua kitu kingine, maana haina toleo la Android.

Kundi la WhatsApp ni la matangazo tu, na alama zisipite humo: kila mwanachama huona namba za wenzake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.

Wiki moja kabla ya muhula, omba akaunti ya majaribio ya mwanafunzi. Zima wifi ya simu yako, nunua bando dogo, fungua wiki ya kwanza, pakua kila kitu, fanya CAT moja, halafu angalia salio. Likiwa limeisha kabla hujamaliza, anza na kurasa za kitabu ulizopiga picha kwa simu na kuzipakia, kama zipo; zipunguze hadi nukta 150 kwa inchi, nyeusi na nyeupe.