Mwindaji wa kulungu, jaribu bata mzinga Aprili hii

Wewe unayewinda kulungu huko Marekani, usikae bure mpaka vuli. Kati ya Machi na Mei majimbo mengi hufungua msimu wa kuwinda bata mzinga wa porini, na mimi nasema ingia. Ila ujue mchezo ni mwingine. Kulungu hukukamata kwa pua. Bata mzinga hanusi kitu cha maana, lakini macho yake, loo! Anaona rangi, na ukitikisa kidole tu ameshatoweka. Kwa hiyo usihangaike na upepo unaopeleka harufu yako. Funika uso na mikono, kaa chini uegemee mti mpana kuliko mabega yako. Alfajiri dume hulia, nawe unamwita kwa sauti ya jike (utamu wote uko hapo). Ukisikia mlio usiunyemelee, huenda ni mwindaji mwenzako. Wala usivae chekundu, cheupe au buluu, ndizo rangi za kichwa cha dume. Chukua bunduki ya marisau, lenga kichwa na shingo, mita 35 hivi zisizidi. Halafu, kabla majani hayajafunga msitu, utaziona njia za kulungu na miti waliyoikwaruza kwa pembe vuli iliyopita. Ziwekee alama.