Kutengeneza picha ya rangi ya Nguzo za Uumbaji kwa data za Hubble

Kamera za Hubble, darubini iliyoko angani, hazipigi picha za rangi. Kila picha hupigwa ya kijivu kupitia kichujio kimoja, kisha kadhaa huunganishwa baadaye. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe: data ziko wazi kwenye hifadhi ya MAST, bila malipo.

Tafuta M16, yaani Nebula ya Tai, wingu la gesi na vumbi ambamo Nguzo za Uumbaji zimo, chagua kamera ya WFC3/UVIS na picha za mwaka 2014. Pakua faili zinazoishia na drc.fits za vichujio vitatu: F502N (oksijeni), F657N (haidrojeni) na F673N (salfa). Achana na faili za flc. Hizo ni picha mojamoja ambazo hazijaunganishwa, zimejaa vidoa na mistari ya miale ya kosmiki.

Fungua kila faili kwa programu ya FITS Liberator, tabaka la SCI (lenye picha yenyewe). Nuru ya gesi ni hafifu mno ikilinganishwa na ya nyota, kwa hiyo mwanzoni utaona giza lenye vitone tu. Chagua ArcSinh, njia ya kunyoosha mwanga, ili sehemu hafifu zipande bila nyota kuungua. Hapa ndipo wengi huharibu: huvuta kikomo cha weusi hadi anga liwe jeusi tii, na gesi nyembamba kandokando ya nguzo hupotea moja kwa moja. Kiache kikomo kushoto kidogo ya mwanzo wa kilima cha histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga). Hifadhi TIFF ya biti 16. Ukitumia biti 8, kurekebisha mwanga baadaye kutaacha ngazi ngazi angani.

Ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, panga picha tatu moja juu ya nyingine na uzikate ziwe na ukubwa uleule. Ukishaziunganisha kwa rangi katika hatua inayofuata, kuza hadi asilimia 200 ukague nyota: ukingo mwekundu upande mmoja na wa bluu upande wa pili ni dalili kwamba hazijalingana. Zikiwa zimezungukiana pia, programu ya Siril itazilinganisha kwa kufuata nyota.

Kisha tumia Compose, amri ya GIMP ya kuunganisha picha za kijivu kuwa ya rangi: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu. Kwa macho, haidrojeni na salfa zote ni nyekundu, na zingechanganyika. Mpangilio huu huzitenganisha, na ndiyo thamani yake. Haidrojeni ina nguvu zaidi, hivyo picha nzima itakuwa ya kijani. Ishushe kidogo kidogo kwa Curves (zana ya GIMP ya kurekebisha mwanga wa kila rangi), upandishe nyekundu na bluu. Nyota zitageuka zambarau. Punguza ukolezi wa rangi hiyo peke yake.

Usilainishe chembechembe kupita kiasi, maana nyuzi za gesi kwenye ncha za nguzo hufutika nazo. JPEG iwe ya mwisho kabisa, na chini ya picha utaje NASA, ESA na STScI, pamoja na rangi uliyokipa kila kichujio.