Kicheza Muziki cha Mfuko wa Aproni: Namna ya Kukichagua na Kuishi Nacho

Mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu yote miwili iko kwenye kitambaa, mguu uko kwenye pedali, macho yako kwenye sindano. Kinachobaki bila kazi ni masikio, na kwa miaka mingi masikio hayo yalikuwa mali ya simu. Wimbo unakaribia kiitikio, simu inaita: "Fundi, gauni langu limefika wapi?" Gauni lilikuwa limefika kwenye mkono wa kushoto, na lingekuwa limefika mbali zaidi kama mwenyewe asingepiga. Ndipo nikaanza kutafuta kitu kinachoimba tu, kisichopokea mtu.

Mtoto wa kaka yangu alicheka. "Shangazi, kwani simu haipigi muziki?" Inapiga. Lakini nikitaka kuruka wimbo mmoja kwenye simu, sharti nisimamishe mashine, nijifute chaki vidoleni, nifungue kioo kwa namba ya siri, kisha nianze kutafuta. Kwa kicheza muziki chenye vitufe, kidole gumba kinaingia mfukoni na kutoka, na mshono haujapinda.

Nimeshakuwa navyo vitatu. Cha kwanza nilikosea kukichagua, cha pili nilikiua mwenyewe, cha tatu ndicho ninacho sasa.

Kabla hujatoa hela, jiulize nyimbo zako ziko wapi. Swali hili wengi huliruka, wakajuta. Kama unasikiliza kwa programu ya kulipia kila mwezi, zile nyimbo "ulizopakua" si zako za kuhamisha. Zimefungwa ndani ya programu hiyo, na ukizitoa ukazitia kwenye kifaa kingine hazitapiga. Kicheza muziki cha kawaida kinataka faili lako mwenyewe: ulilonunua na kupakua, ulilolitoa kwenye CD yako, ulilorekodi, au ulilohamisha kutoka kaseti. Kama huna faili hata moja, bado hujahitaji kifaa hiki. Viko vile vyenye Wi-Fi vinavyokubali programu za kulipia, lakini hivyo ni simu zisizo na laini, na betri zao huisha kama za simu.

Haya, sasa kukichagua. Dukani watu hutazama kioo. Mimi nakushauri ufumbe macho. Kitie mfukoni, mkono ukifuate humo humo, kisha ujaribu mambo manne: kusimamisha, kuruka mbele, kurudi nyuma, kuongeza sauti. Ukiweza yote manne bila kuchungulia, hicho ni chako. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa chembamba na kizuri ajabu, uso wake wote wa kugusa. Kila aproni iliposugua, wimbo uliruka. Vingine vina vitufe, lakini kitufe kimoja kina kazi mbili: ukibonyeza kidogo kinaruka wimbo, ukikishikilia kinaongeza sauti. Kwa mtu aliyekaa kitini hilo ni jambo dogo, ila kwangu ilikuwa nataka wimbo ufuatao, napata ukelele sikioni. Tafuta vitufe vya sauti vilivyo peke yake, na swichi ya kufunga vitufe vyote, ile ya kusukuma kwa kucha. Swichi ya kusukuma huijua kwa kuigusa tu kama imefungwa au iko wazi.

Ukubwa wa hifadhi ni hesabu ya kawaida tu, usikubali mtu akutishe nayo. MP3, yaani faili la muziki lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika moja. Ya kilobiti 320 hula kama MB 2.4. Sauti ya CD isiyobanwa hula MB 10 hivi kwa dakika, na FLAC, ambayo hubana bila kupoteza kitu, mara nyingi huchukua nusu ya hapo au zaidi kidogo. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 4, au 10, au 20 na ushee, kutegemea ulivyobanwa. GB 8 zinabeba nyimbo zipatazo 800 za kilobiti 320, na GB 32 zinabeba zaidi ya 3,000. Vicheza vya kwanza kuuzwa, mwaka 1998, vilikuwa na MB 32, yaani nusu saa ya muziki, na watu walivifurahia. iPod, kicheza muziki cha Apple cha mwaka 2001, ilikuja na GB 5 na ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni. Mimi ninazo nyimbo 900 na kitu, na humo ninazosikiliza kweli hazifiki 200. Pima mzigo wako kwanza.

Ukichomeka kadi ya kumbukumbu ya GB 32 kompyuta ikasema ina 29.8, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, wala hapo hakuna mwongo. Wizi uko kwingine, kwenye kadi bandia. Nilinunua moja iliyoandikwa 128. Ikapokea nyimbo zote bila kulalamika, majina yote yakaonekana, lakini kufika katikati ya orodha kila wimbo ukawa kimya kitupu. Ndani ilikuwa na hifadhi ndogo iliyofundishwa kudanganya. Siku hizi kadi mpya naijaza mpaka pomoni kabla sijaiamini, kisha napiga nyimbo za mwisho kunakiliwa. Ziko pia programu za bure za kazi hiyo, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Huijaza kadi, huisoma tena, zikakupa ukweli wake.

Jambo lingine kuhusu kadi: vicheza vingi vya bei nafuu huishia GB 32. Kadi kubwa kuliko hapo huja imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, kwa mfumo wa exFAT ambao vifaa hivyo havisomi. Wakati mwingine ukiifomati upya kwa mfumo wa zamani wa FAT32 inasomeka vizuri tu, ijapokuwa karatasi ya kifaa inakataa. Jaribu kabla ya kuirudisha dukani.

Kuhusu aina ya faili nitapita haraka. MP3 inapiga kila mahali; haki za hataza zake zilikwisha mwaka 2017, na hakuna mtengenezaji anayeiacha nje. M4A, aina nyingine ya faili lililobanwa, nayo vingi huisoma. FLAC ni mpaka uione imeandikwa kwenye boksi. Kosa nililoliona kwa watu ni kuchukua MP3 na kuigeuza iwe FLAC ili "iwe safi zaidi". Faili linakuwa kubwa mara kadhaa na sauti inabaki ile ile. Ni sawa na kutaka kurefusha suruali kwa kipande ulichokwisha kukikata na kukitupa. Kibaya kuliko hicho ni kubana MP3 mara ya pili, maana hapo unakata tena juu ya ulipokata.

Sasa kazi yenyewe, kuzipanga nyimbo, na hapa ndipo vifaa vizuri hutukanwa bure.

Kikipanga wasanii na albamu, kicheza muziki hakitazami jina la faili. Kinatazama lebo iliyo ndani ya faili: msanii, albamu, namba ya wimbo. Kwa lugha ya kazini kwangu, jina la faili ni maandishi juu ya mfuko wa nguo, lebo ni kile kitambaa kilichoshonewa kwenye kola. Mfuko hupotea, kola hubaki na nguo yake. Faili lisilo na lebo kifaa hulitupa kwenye rundo la "Msanii Asiyejulikana", na rundo hilo likifika nyimbo 300 huwezi kupata kitu humo. Kuandika lebo hizo mimi hutumia programu ya Mp3tag kwenye kompyuta. MusicBrainz Picard na Kid3 nazo hufanya kazi hiyo hiyo. Andika jina la msanii kwa namna moja kila mahali. Nafasi moja ya ziada mwishoni, na tayari una wasanii wawili. Tena lebo za mtindo wa zamani zina nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo. Kifaa kikisoma hizo, majina marefu hukatwa katikati.

Kisha namba. Mwanzoni mwa jina la faili andika 01, 02, 03, usiandike 1, 2, 3, la sivyo wimbo wa 10 utapiga kabla ya wa 2. Halafu kuna hili lililonisumbua wiki nzima: vifaa vingi rahisi havipangi kwa alfabeti wala kwa namba, vinapiga kwa mfuatano wa jinsi mafaili yalivyoingia kwenye kadi. Ukisahau wimbo wa 04 ukauongeza jioni, utapiga wa mwisho. Dawa yake ni kufuta folda nzima na kuinakili upya kwa mpangilio. Folda zangu ni msanii, ndani yake albamu, basi. Nimeona watu wenye folda ndani ya folda ndani ya folda, na vidole vyao vinachoka kabla wimbo haujaanza.

Ukimaliza kunakili usichomoe waya. Bonyeza kwanza ile amri ya kuondoa kifaa kwa usalama. Kompyuta hukuonyesha imemaliza huku bado inaandika, na ukichomoa hapo unapata nyimbo zinazokatika katikati, au kadi nzima inayodai kufomatiwa.

Kitu kimoja kwenye menyu watu hawakijui, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kurudia kutoka A hadi B. Ninaimba alto kwenye kwaya. Mwalimu huturekodia kila sauti peke yake kwa simu yake, na rekodi hizo nazitia kwenye kicheza muziki. Nikifika kwenye kifungu kinachonipiga chenga, nabonyeza pale kinapoanza, nabonyeza tena pale kinapoishia, na kifaa kinakirudia chenyewe mpaka nikichoke. Napiga mapindo ya mashuka huku najifunza sauti yangu. Vingine huongeza na uwezo wa kupunguza kasi bila kuifanya sauti kuwa nzito. Kama unajifunza lugha, unahifadhi mashairi, au unafuata gitaa, uliza kama kifaa kina A–B kabla hujauliza kioo kina rangi ngapi.

Hedifoni. Tia hela yako huku. Kicheza cha kawaida chenye hedifoni nzuri hukishinda cha ghali chenye zile zinazokuja kwenye boksi. Chagua zenye vimpira vya saizi tofauti na ujaribu vyote, maana sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane. Kimpira kikiziba vizuri, besi inarudi na kelele ya nje inapungua, na ukipunguza kelele huna haja ya kupandisha sauti. Hilo si jambo la starehe tu. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90 saa hizo zinakuwa 4 tu. Kama kifaa kina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti, kiwashe asubuhi, kabla mashine haijaanza kukushindanisha nayo. Ukiona kwenye hedifoni imeandikwa omu 250, kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, ziache. Kifaa kidogo hakina nguvu ya kuzisukuma. Kati ya 16 na 32 ni sawa.

Mimi kazini navaa sikio moja tu, kwa sababu bobini ikikaribia kuisha mashine hubadilisha mlio, na nisipousikia nitashona hewa. Waya naupitisha chini ya aproni, usikaribie gurudumu. Utauliza kwa nini nisitumie Bluetooth. Niliitumia. Haina ubaya, ila kuna betri mbili za kukumbuka badala ya moja, na hiyo ya kifaa huisha mapema zaidi.

Betri hizi za lithiamu haziogopi kitu kama joto. Usikiache kifaa kwenye gari lililofungwa juani, wala pembeni ya pasi, kosa ambalo nimelifanya. Usingoje kiishe kabisa ndipo uchaji, na kama utakiweka miezi bila kukitumia, kiache na nusu ya chaji. Ukiona mgongo wake umevimba, usikibonyeze na usikichaji tena. Peleka panapopokewa betri zilizokwisha.

Na kile cha pili, nilichosema nilikiua. Nilikifua. Kilikuwa mfukoni, aproni ikaingia kwenye mashine ya kufulia, na nilikuja kukigundua wakati wa kuanika, kimeng'aa kuliko siku niliyokinunua. Nikafanya kosa la pili palepale: nikakiwasha nione kama kizima. Kikawaka kidogo, kikazima, ndio mwisho. Kitu kikiingia maji usikiwashe wala usikichomeke kwenye chaji. Kizime kama kinawaka, toa kadi, ukiache wazi siku kadhaa. Kadi yangu niliitoa, nikaifuta, nikaianika dirishani siku mbili kivulini, kisha nikaitia kwenye hiki cha tatu. Ikasoma. Nyimbo za kwaya zilikuwamo zote, 01 hadi 14, kila moja mahali pake.