SOMO: Alama za printf, tukichapa risiti ya mahindi ya Kibaigwa

Wadau, leo ni lugha ya C. Tunachapa risiti ya mfanyabiashara wa soko la Kibaigwa: jina, simu, kilo na jumla ya fedha. Shikeni hili kwanza: alama inayofuata % huchaguliwa kwa aina ya kigeu (variable, yaani jina linalobeba thamani), si kwa unachotaka kionekane. printf, amri ya C ya kuchapa, haikagui ulichoipa, inakuamini tu.

Hatua ya 1: panga vigeu na alama zake.

char *jina → %s (maandishi)
char *simu → %s
double kilo → %.1f (namba yenye desimali)
long long jumla → %lld (namba kamili kubwa)

Ndiyo, simu ni %s. Nani anajumlisha namba za simu? Ukiisoma kwa %d, sifuri ya mbele inapotea. Na ukiandika 0754 ndani ya programu kama namba, C inaisoma kwa msingi wa nane, inakuwa 492.

Hatua ya 2: fedha. Hapa ndipo mafunzo mengi ya mtandaoni yanatuangusha, maana yameandikwa kwa dola, ambazo hesabu zake huwa na tarakimu chache. Kwenye kompyuta zetu int, aina ya kawaida ya namba kamili, inaishia 2,147,483,647. Chukua tani 4,000 kwa bei ya mfano ya shilingi 600 kwa kilo: ni bilioni 2.4, umeshavuka. Msikimbilie long na %ld, kwa sababu kwenye Windows long ni baiti 4 na kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Tumieni long long na %lld.

Hatua ya 3: mpangilio.

printf("%-15s %12s %9.1f %14lld\n", jina, simu, kilo, jumla);

Alama ya kutoa inasukuma maandishi kushoto. 9.1 maana yake nafasi tisa kwa jumla, nukta ikiwemo, na tarakimu moja baada ya nukta. Jina refu halikatwi, linasukuma safu nzima. Ukitaka likatwe, andika %-15.15s.

Hatua ya 4: tafsiri programu kwa gcc -Wall risiti.c (-Wall huwasha maonyo). Onyo lolote linalotaja format lirekebishe kabla ya kuendesha programu, hata kama majibu yanaonekana sawa.

MASWALI

Mdau wa Kondoa: Mkuu, kilo nimechapa kwa %f vizuri, lakini nikisoma anachoandika mtumiaji kwa scanf na %f, inaleta takataka.
Jibu: scanf inapokea anwani ya kigeu (mahali kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta), kwa hiyo lazima ijue ukubwa wake: float ni %f, double ni %lf. Kwenye printf float hugeuzwa double yenyewe, ndiyo maana %f inatosha kwa zote mbili.

Mdau wa Singida: Nimeweka long long na %lld, jumla bado inatoka -1894967296!
Jibu: Bei na kilo umezitangaza int, siyo? Kuzidisha kunafanyika kwa int kwanza, ndipo jibu lililokwisha haribika linaingia kwenye jumla. Andika (long long)bei * kilo.

Mdau wa Mpwapwa: Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) je? Nimejaribu %llu.
Jibu: Ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wa kuzaliwa. unsigned long long inaishia 18,446,744,073,709,551,615, hivyo aliyezaliwa 1985 tayari haingii. char nida[21] na %s. Ya 21 ni ya alama ya kufunga maandishi.