Namna ya kuisikiliza jazi ya kizamani ya Waingereza

Ukimtajia mtu wa kwetu jazi, mawazo yake huenda Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz: magitaa, waimbaji wanapokezana, watu wamejaa ukumbini. Hiyo ni jazi yetu na naipenda. Lakini ninayotaka kuwaelekeza leo ni nyingine, ile ambayo vijana wa Kiingereza waliifufua miaka ya 1940 na 1950 kwa kuwafuata wazee weusi wa New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani. Wenyewe waliiita tradi. Mimi niliikuta mwaka 1961, mwanafunzi wa unesi wa miaka 20, nimetoka Mombasa kwa meli nikaangukia upande wa magharibi wa London. Mpaka leo huiweka kila Jumapili baada ya chai, na wanangu huniuliza zile kelele nazipendea nini. Si kelele, wanangu. Hamjaonyeshwa pa kuweka sikio.

Usianze na bendi nzima. Anza na klarineti peke yake, chombo cha kupuliza mfano wa zumari. Tafuta kwenye intaneti “Petite Fleur” ya bendi ya Chris Barber, iliyorekodiwa 1956 ikaja kuvuma 1959, Uingereza na hata Marekani. Aliyeitunga ni Sidney Bechet wa New Orleans, na anayepiga klarineti ni Monty Sunshine. Barber mwenyewe, ambaye bendi ni yake na chombo chake ni tromboni, tarumbeta refu lenye mrija wa kuvuta na kusukuma, humo hapigi kabisa. Kwa hiyo klarineti imeachiwa uwanja. Sikiliza inavyotetemeka inapomaliza kila mstari, kama mwimbaji wa taarabu anayeivuta irabu, anaigeuzageuza, ndipo anaiachia. Irudie mpaka sauti hiyo uijue kama unavyojua sauti ya jirani yako ukiwa umelala chumbani. Utaihitaji baadaye, ikishachanganyika na wenzake.

Siku ya pili weka “Bad Penny Blues” ya Humphrey Lyttelton, ya 1956 vilevile. Hapa ni tarumbeta na piano, na nyuma yake besi na dramu tu. Iache tarumbeta kwanza, ingawa itakuita. Sikio lako liende kwenye mkono wa kushoto wa mpiga piano, Johnny Parker, unaotembea chini bila kuchoka. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, mara 12. Ukifika ya 12 utaona muziki umerudi nyumbani ulikoanzia, na safari nyingine inaanza. Ukishaishika hesabu hiyo, hata mpigaji akienda mbali vipi utajua yuko wapi na atarudi lini.

Wimbo huo niliununua kwenye sahani ya santuri ya 78, ile inayozunguka mara 78 kwa dakika, mtumba, kwa posho yangu ya mwezi wa tatu. Kama na wewe una sahani za aina hiyo, labda umerithi sanduku la babu, nisikilize vizuri. Mimi niliiona ina vumbi na alama za vidole, nikafanya nililofundishwa wodini: pamba na spiriti. Pamba ikawa nyeusi. Nikafurahi nikidhani uchafu unatoka. Kumbe inayotoka ni sahani yenyewe! Sahani za 78 hutengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, ndio ule ule ambao mafundi samani huuyeyusha kwa spiriti wakang'arishia makabati. Upande ule ulipoteza mng'ao palepale ukawa wa kijivu, na nilipouweka ulikuwa unavuma kama mafuta ya kukaangia. Nililia usiku ule. Basi: kitambaa laini, maji ya vuguvugu kidogo, usiloweshe karatasi ya katikati, kausha mara moja. Spiriti isikaribie. Na sindano ya sahani ndogo za plastiki usiitumie kwenye 78, mifereji yake ni mipana zaidi. Zihifadhi zimesimama wima, maana ukizilaza moja juu ya nyingine zinavunjika.

Sasa bendi nzima. Chukua sahani ya Ken Colyer iitwayo “New Orleans to London”, ya 1953. Mbele wako watatu: Colyer na tarumbeta, Sunshine na klarineti, Barber na tromboni. Nyuma Lonnie Donegan na banjo, chombo cha nyuzi mfano wa gitaa, kisha besi na dramu. Weka wimbo mmoja tu, mara nne mfululizo. Mara ya kwanza mfuate Colyer. Yeye ndiye mwenye habari. Anaueleza wimbo wenyewe kwa upole, bila kujionyesha. Mara ya pili mwache, umfuate klarineti, ambaye unamjua tayari: anapita juu, anaizunguka habari ile kama mwanamke anayemjazia mumewe maneno kwenye hadithi wanayoijua wote wawili. Mara ya tatu shuka chini kwa tromboni, anayeburuza sauti na kuwapokea wenzake wanapotua. Wote wanasema kwa pamoja na hakuna anayemkata mwenziwe. Hapo ndipo watu wengi husikia kelele, kwa kuwa wamezoea msemaji mmoja. Mara ya nne usimfuate yeyote. Acha wakujie wote.

Na msidhani nawapa kazi ya kitoto. Wenyewe walijifunza hivyo hivyo. Tangu 1935 mpaka 1956 ugomvi wa vyama vya wanamuziki uliwazuia Wamarekani wengi kupiga Uingereza, kwa hiyo kijana wa Kent au London aliyetaka kumjua mpiga tarumbeta Louis Armstrong alikuwa na santuri tu, akiirudisha sindano nyuma mpaka noti ile imwingie. Colyer hakutosheka. Akajiandikisha ubaharia, na meli ilipofika Mobile, Alabama, mwaka 1952, akaiacha akaenda New Orleans kupiga na wazee, watu wa mpiga klarineti George Lewis. Mzungu kukaa kupiga na watu weusi, katika jimbo lile la Louisiana, siku zile za ubaguzi! Wakamfunga kwa sababu ya viza, wakamrudisha kwao 1953. Nilipoisikia habari hii nikaacha kujiuliza muziki huu unanihusu nini mimi, binti wa Kiafrika.

Nilimwona Colyer jukwaani Eel Pie, kisiwa kidogo katika mto Thames pale Twickenham. Unalipa peni chache, unavuka daraja jembamba la waenda kwa miguu, unasikia banjo kabla hujaiona hoteli yenye ukumbi wa dansi. Nilikwenda na mwenzangu wa bweni, dada mmoja wa Trinidad, viatu tumeviazima. Sakafu ya mbao ilikuwa inanesa. Watu wakiruka pamoja inashuka na kupanda, nawe umesimama tu unajikuta unapandishwa na mapigo. Nikamkumbuka babu yangu na hadithi zake za beni, ngoma ya kushindana, vikundi vya Kingi na Skochi wakipita mitaani Mombasa na matarumbeta, kila upande unataka kumshinda mwenziwe. Nilikuwa nimemaliza miezi minane kwenye baridi nisijione mtu. Usiku ule nilijiona mtu. Mlango wa bweni ulifungwa saa nne na tulichelewa, tukaadhibiwa wiki mbili bila ruhusa ya kutoka, na wiki ya tatu tukarudi kisiwani.

Muziki huo haukudumu sana juu. Acker Bilk na Kenny Ball, viongozi wa bendi za tradi, walivuma mpaka Marekani, kisha ikafika 1963, magitaa ya umeme yakashika kila mahali, na kisiwani kwetu wakapanda Rolling Stones, kundi la magitaa hayo. Hoteli yenyewe iliungua 1971. Lakini ukifika London, nenda namba 100 Oxford Street. Chini ya ardhi pale, ambapo Lyttelton alikuwa na klabu yake, muziki unapigwa mpaka leo.

Limebaki la mikono. Sisi tukipiga makofi huanza na pigo la kwanza, na hapa utaharibu. Hesabu moja, PILI, tatu, NNE, makofi yaangukie pili na nne. Banjo inapiga zote nne, sawasawa, basi itumie kama kamba ya kushikia. Mguu wa kulia ukanyage moja, mikono ijibu pili. Fanya taratibu ukiwa umekaa. Ikikukaa, simama, sogeza meza, na ukunje mkeka kwanza, maana unateleza.